Sura ya Sita: Aliyelala Mwamshe

Wiki yangu ya kwanza maabara nilikemewa kwa kukoroga. Nilikuwa nimepima gramu 10 za maziwa ya unga ya watoto, nikazimimina kwenye chupa yenye mililita 90 za maji ya peptoni, kisha nikafanya anachofanya yeyote akiona unga unaelea juu ya maji: nikaishika chupa shingoni, nikaitikisa. Mama aliyekuwa ananifundisha kazi, fundi sanifu aliyebakiza miaka michache astaafu, akaweka pipeti yake chini. "Mwanangu, hapa hatupiki uji," akasema. Akachukua chupa, akaitenga ikatupwe, akapima gramu 10 nyingine na kuzinyunyiza taratibu kama anayetia chumvi kwenye kachumbari. Unga ukakaa juu, ukalowa pembeni, ukaanza kuzama vipande vipande kwa uzito wake wenyewe. Saa nzima hakuugusa.

Bakteria tuliyekuwa tukimtafuta, kama alikuwemo, alikuwa amekauka. Amepita kwenye hewa ya moto, amekaa ndani ya unga usio na unyevu wa kutosha hata kumfanya ajigeuze, na ngozi yake imejeruhiwa. Maji yakimvamia kwa ghafla, anaweza kupasuka. Kipimo kitasema hayumo, na kitakuwa kimesema kweli, maana tumemuua sisi wenyewe wakati wa kumtafuta, huku ndugu zake wakiendelea kulala salama kwenye makopo yaliyobaki.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kazi ya maabara hii ni kuvunja usia huo kila asubuhi.

Jina lake ni Cronobacter sakazakii. Nusu ya pili ya jina inamkumbuka Riichi Sakazaki, mtaalamu wa bakteria wa Kijapani, na alipewa mwaka 1980. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa ndugu tu, mwenye rangi ya njano, wa bakteria mwingine wa kawaida. Nusu ya kwanza ilikuja mwaka 2008, na aliyeichagua hakuwa na masihara: Kronos ni yule jitu wa hadithi za Wagiriki aliyewameza watoto wake mwenyewe wakiwa wachanga.

Mimi na wewe tukimmeza, mara nyingi hakuna kitakachotokea. Anayemtaka ni mtoto wa chini ya miezi miwili, hasa njiti, ambaye kinga yake haijajenga ukuta. Kwake bakteria huyu hupita kwenye utumbo akaingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu hufika kwenye ubongo. Homa ya uti wa mgongo anayoileta imeua, katika baadhi ya ripoti, hadi watoto 40 kati ya kila 100 waliougua, na wengi wa wanaopona hubaki na ulemavu. Ni ugonjwa adimu. Marekani, kabla ya majimbo kuanza kuuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya kuripotiwa, kwa kawaida visa viwili hadi vinne ndivyo vilivyokuwa vikifika kwenye takwimu kwa mwaka. Uadimu huo ndio unaomfanya awe mgumu kukamatwa.

Anaingiaje kwenye kopo? Swali hili nimeulizwa na akina mama wengi, na nyuma yake kuna dhana moja ambayo ni haki yao kuwa nayo. Kopo la maharage au la samaki hupikwa likiwa limeshafungwa. Joto hufika mpaka katikati na kila kilichomo hufa humo humo. Kopo la maziwa ya unga ya mtoto linafanana nalo dukani, lakini halipikwi hivyo. Maziwa huchemshwa yakiwa bado ni maji, na hapo bakteria huyu hufa bila ubishi. Kisha yananyunyizwa juu ya mnara wenye hewa ya moto, matone yanakauka yakianguka, na kinachofika chini ni unga. Baada ya hapo ndipo baadhi ya viwanda huongeza vitamini, sukari ya maziwa na vinginevyo vikiwa vikavu, na ndipo unga unapita kwenye mabomba, machujio na mashine za kujazia. Bakteria akiwa ametua sakafuni, juu ya bomba, au ndani ya mfuko wa kiungo kimojawapo, hapo ndipo anapopanda. Hakuna moto mwingine mbele yake, ila ule wa jikoni kwako. Na anaweza kungoja: watafiti wameshamwotesha kutoka kwenye unga uliokaa mkavu miaka miwili na nusu.

Mwaka 1988 Harry Muytjens na wenzake huko Uholanzi walichapisha matokeo ya kupima sampuli 141 za maziwa haya kutoka nchi 35. Ishirini zilikuwa na bakteria huyu. Lililonishangaza nilipoisoma kazi hiyo ni uchache wake: hata sampuli iliyozidi zote haikufika bakteria mmoja kwa kila gramu. Kwenye kijiko kizima cha unga anaweza kuwemo mmoja, wawili, au asiwemo kabisa.

Kwa muda mrefu matokeo kama hayo yalibaki kwenye majarida ya wataalamu. Yalitoka huko mwaka 2001, kwenye wodi ya watoto mahututi ya hospitali moja ya Tennessee, Marekani. Mtoto wa kiume alizaliwa kwa upasuaji akiwa na wiki 33 na nusu tumboni na uzito wa gramu 1,270. Siku ya 11 akapata homa. Maji ya uti wa mgongo yalipooteshwa, akaonekana huyo tunayemzungumzia. Siku ya 20 mtoto akafariki. Wachunguzi wakawapima watoto 49 waliokuwa wamelazwa wodini katika kipindi hicho, na kumi wakaonyesha dalili za kuambukizwa au za kubeba bakteria huyo bila kuugua. Uzi uliowaunganisha ulikuwa aina moja ya maziwa ya unga. Ushahidi uliofunga mjadala ulitoka kwenye makopo ambayo hayakuwa yamefunguliwa, ya bechi ile ile: yalipopimwa, bakteria wakakutwa. Hakuna aliyeweza tena kuwasingizia wauguzi mikono michafu. Mwaka 2002 bechi hiyo ikaondolewa sokoni, na miaka michache baadaye Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo wakawaita wataalamu kuketi juu ya jambo hili, mwaka 2004 na tena 2006.

Turudi kwenye chupa yetu juu ya meza. Kwa njia ya kawaida inayokubalika kimataifa, ile ambayo kesi ikifika mahakamani ndiyo itakayoulizwa, chupa hiyo inaingia kwenye kabati la joto, karibu na joto la mwili wa mtoto, na kulala humo saa 18. Kesho yake unachota tone dogo, sehemu moja ya kumi ya mililita, unalitia kwenye mchuzi mwingine wenye rangi ya zambarau. Mchuzi huu una dawa ya kuwazuia bakteria wa makundi mengine, na una sukari. Anayeila sukari hiyo huchachusha mchuzi ukageuka njano. Saa 24 nyingine, kwa nyuzi 41 na nusu. Kesho kutwa unachovya kitanzi cha waya na kuchora mistari juu ya jeli kwenye kisahani. Siku inayofuata unafunua kabati, na ukiona vidoa vya kijani chenye ubuluu moyo unaenda mbio, kwa sababu rangi hiyo huja pale kimeng'enya chake kinapoikata dawa iliyochanganywa kwenye jeli. Lakini hapo bado ni mshukiwa tu. Lazima aoteshwe tena peke yake, apimwe tabia zake, ndipo jina liandikwe. Ikienda vizuri ni siku nne. Ikisumbua ni sita.

Siku sita kiwandani ni ghala lililojaa. Bechi haitoki mpaka majibu yatoke, na kila usiku mnara unaendelea kumwaga unga. Ndiyo maana wenye viwanda walikuwa wa kwanza kuzipenda njia za haraka, na sioni haja ya kujifanya kwamba ni mapenzi ya watoto peke yake yaliyowasukuma.

Njia maarufu kuliko zote ni ile ambayo Watanzania na Wakenya waliifahamu kwa kulipia safari wakati wa UVIKO: PCR. Badala ya kungoja bakteria aote mpaka aonekane kwa macho, unamtafuta kwa vinasaba vyake. Unachagua kipande cha vinasaba ambacho yeye anacho na majirani zake hawana, unatengeneza vidokezo viwili vya kukishika mwanzo na mwisho, unaweka kwenye kijitube na kimeng'enya cha kunakili, halafu mashine inapasha na kupoza, inapasha na kupoza. Kila mzunguko nakala zinakuwa maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya bilioni moja, na rangi inayong'aa iliyofungwa humo inapanda kwenye skrini kama mlima. Saa moja na nusu hivi, umemaliza.

Zipo pia njia zinazofanya unakili huo kwa joto moja tu, karibu nyuzi 65, bila kupanda na kushuka. Mashine yake ni ndogo na bei yake ni nafuu, na kwa maabara ambayo umeme wake una tabia ya kuaga bila taarifa, ningechagua hiyo kwanza.

Saa moja na nusu, basi. Lakini soma vizuri karatasi ya maelekezo ya kifurushi chochote cha kipimo cha haraka, na utakuta kabla ya hiyo saa moja na nusu kuna mstari unaosema uoteshe sampuli usiku kucha. Usiku ule wa kwanza haujaondoka. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme katika zile mililita 100 za maziwa yaliyolowa yumo bakteria mmoja. Kijitube cha PCR kinachukua mikrolita tano hivi, yaani sehemu moja kati ya 20,000 ya chupa. Uwezekano wa kumchota huyo mmoja ni kama kutia mkono mara moja kwenye gunia la mchele ukatoka na ile chenga moja unayoitaka. Mashine inaweza kuwa na macho makali kiasi gani, haioni kisichokuwemo ndani ya kijitube. Kwa hiyo unampa joto na chakula na muda wa kuzinduka. Asubuhi wamekuwa mamilioni, na popote utakapochota watakuwepo.

Kuna sababu ya pili ya kumngoja. Vinasaba havifi pamoja na mwenye navyo. Bakteria aliyechemka kwenye maziwa kabla ya kukaushwa bado anaacha maandishi yake kwenye unga, na PCR inayasoma bila kujua kama inasoma barua ya aliye hai au wosia wa marehemu. Ukipima unga moja kwa moja unaweza kufukia bechi nzima kwa ajili ya maiti. Aliyeongezeka usiku kucha yu hai. Hilo halina ubishi.

Kilichofupishwa, basi, ni siku zilizofuata usiku ule. Nne au sita zimekuwa moja na kidogo, na hilo si dogo. Ila neno "haraka" kwenye kifurushi limewafanya watu wafikirie kwamba kuna chombo cha kuchovya kwenye kopo kikatoa mistari miwili kama kipimo cha mimba. Wapo walioniuliza kinauzwa wapi.

Na tatizo kubwa zaidi halimo kwenye saa. Kanuni ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, iliyopitishwa mwaka 2008 inataka sampuli 30 za gramu 10 kutoka kila bechi, na asikutwe hata kwenye moja. Jumla ni gramu 300, chini ya kopo moja la kawaida la gramu 400, kwa niaba ya tani kadhaa. Kama bakteria wametawanyika sawasawa, mmoja kwa kila gramu 100, gramu 300 zitawanasa mara 95 katika 100. Wakiwa mmoja kwa kila kilo, mara 74 katika 100 bechi itapita ikiwa na cheti safi. Na hiyo ni kwa ukarimu wa kudhani wametawanyika. Kipande cha unga ulioganda kikidondoka kutoka kwenye bomba, kinaingia kwenye makopo machache yanayofuatana na si mengine. Kopo moja likiwa bovu katika kila 1,000, nawe ukafungua 30, mara 97 katika 100 hutaligusa. Fanya upimaji uwe wa dakika moja, hesabu hiyo haitikisiki.

Wanaoijua kazi hii hawaanzi na makopo. Wanaanza na sakafu: wanapitisha pamba ya kuchukulia sampuli chini ya mashine, kwenye maungio ya mabomba, kwenye magurudumu ya vitoroli, kwenye vumbi la mashine ya kufyonzea uchafu. Bakteria anayeishi kiwandani huacha nyayo huko muda mrefu kabla hajaingia kwenye kopo, na hapo ndipo jibu la kesho linapolipa kuliko jibu la wiki ijayo, kwa kuwa leo hii unaweza kufunga chumba kimoja kabla vumbi halijasafiri. Lakini ukishaona nyayo, uzikubali.

Huko Craon, magharibi mwa Ufaransa, kiwanda cha maziwa ya unga cha Lactalis kilikuta bakteria mwingine, Salmonella, kwenye vifaa vya usafi na sakafu mara mbili mwaka 2017, mwezi Agosti na mwezi Novemba. Vipimo vya makopo viliendelea kurudi safi, na makopo yakaendelea kutoka. Desemba, watoto wakiwa wameshaanza kulazwa, yakaanza kurudishwa. Kufikia Januari hesabu ilipita makopo milioni 12 katika nchi 83. Taasisi ya Pasteur ilipolinganisha vinasaba, ikakuta ni bakteria wa ukoo ule ule uliowaambukiza watoto zaidi ya 140 mwaka 2005, wakati kiwanda hicho hicho kikiwa na mwenye mali mwingine. Miaka 12 alikuwa humo, kwenye kuta na sakafu. Walioonywa na fagio walikwenda kuuliza kopo.

Mkasa wa Sturgis, Michigan, una somo gumu zaidi. Februari 17, 2022, kampuni ya Abbott iliyaondoa sokoni maziwa ya kiwanda chake cha huko baada ya watoto wanne kuugua Cronobacter, wawili wakafariki. Wakaguzi walimkuta bakteria mwenyewe ndani ya kiwanda. Lakini vinasaba vya bakteria waliotoka kwa watoto wawili, ndio pekee walioweza kusomwa, havikufanana na vya kiwandani. Watu bado wanabishana juu ya maana yake. Mimi naona havikukitakasa kiwanda wala havikukitia hatiani. Kiwanda kilipofungwa, nchi iliyozoea kujaa ikakosa maziwa ya watoto, na mwezi Mei ndege ya jeshi ikasafirisha makopo kutoka Ujerumani. Kiwanda kikafunguliwa Juni 4, na siku chache baadaye mvua kubwa ikakifurika kikafungwa tena. Kwa kiwanda cha unga, ambako hata usafi hufanywa kwa brashi na mashine za kufyonza kwa kuogopa maji, sijui kama ipo adhabu kubwa kuliko hiyo.

Maziwa haya kwetu kwa sehemu kubwa huja na meli, yameshapimwa huko yatokako, na cheti chake kimebeba hesabu ile ile ya gramu 300. Safari iliyobaki ni ya jikoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unasema maji ya kukorogea unga yawe na nyuzi 70 au zaidi, yaani yaliyochemka na hayajapoa zaidi ya nusu saa, kisha chupa ipozwe kwenye maji baridi mpaka mtoto aweze kunywa. Makopo mengi huandika maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu haumuui, unamwamsha.

Mdogo wangu alijifungua njiti, na maziwa yake yalichelewa, daktari akaagiza kopo la kusaidia. Nikaenda kukaa naye. Kila siku saa tatu usiku alichemsha maji akajaza chupa ya chai, akaiweka kando ya kitanda na vyombo vyake vimefunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa msafi kuliko maabara nyingi nilizowahi kuingia. Usiku wa pili nikaona jambo lililoninyima usingizi: chupa ya mtoto iliyonyonywa nusu tangu saa tatu, imekaa pale pale, ikingoja amke aimalizie. Kwa nyuzi 23, bakteria huyu akishazinduka huongezeka maradufu kila dakika 40 hivi. Mpaka saa tisa usiku mmoja ameshakuwa 512, na chumba kile cha Temeke mwezi Februari hakikuwa na nyuzi 23. Ilikuwa ni chupa yetu ya maabara, na joto lake, na usiku wake mzima, ila hapakuwa na mtu wa kuisoma asubuhi.

Nikaimwaga. Mtoto alipolia saa tisa, nilichukua kipimajoto changu cha kazini nikakitumbukiza kwenye chupa ya chai kabla hajamimina. Tukainamia wote wawili kwa mwanga wa simu. Zebaki ilipanda, ikapita hamsini, ikajivuta, ikasimama kwenye 61.

"Si bado yanaunguza, dada?" akaniuliza, akiwa ametia kidole.

"Yanakuunguza wewe," nikamwambia, nikaenda kuwasha jiko.